Namba 8,260,490 na Sifuri Tatu za Kaskazini

Namba tutakayoizungumzia leo ni 8,260,490. Hiyo ndiyo idadi ya wakazi wa Sudan Kusini iliyotokana na sensa ya Aprili na Mei 2008, sensa ya tano ya Sudan na ya mwisho kufanywa wakati Juba na Khartoum zilikuwa bado chini ya dola moja. Matokeo yalipotoka mwaka 2009 serikali ya kusini iliyakataa, na ubishi wake haujaisha. Swali langu si la kisiasa, ni la kihisabati, na najua kwa wengine litasikika kama mchezo: namba hii, ikichukuliwa kama namba nzima tu, ina tabia gani, na tabia hizo zinaweza kutueleza lolote kuhusu watu waliohesabiwa? Jibu langu ni kwamba karibu zote haziwezi. Iko aina moja tu inayoweza, nayo ni ile ambayo wanahisabati wenyewe huidharau.

Tuichambue. Inaishia na sifuri, kwa hiyo inagawanyika kwa 2 na kwa 5, inabaki 826,049. Hiyo nayo inagawanyika kwa 7, tunapata 118,007. Hapa kazi inageuka kuwa ya subira: mtu akijaribu namba tasa moja baada ya nyingine, 11, 13, 17 na kuendelea, atapita 41 bila kupata kitu, na ya 42, ambayo ni 199, ndiyo itakayomfungulia mlango. Kuhakiki ni rahisi kuliko kutafuta: 200 mara 593 ni 118,600, toa 593 moja, unabaki na 118,007. Na 593 yenyewe ni namba tasa. Kwa hiyo 8,260,490 ni sawa na 2 × 5 × 7 × 199 × 593, namba tasa tano, hakuna iliyojirudia. Kwa kuwa kila moja kati ya hizo tano ama imo katika kigawo fulani ama haimo, vigawo vyote vinakuwa 32. Ukivijumlisha, ukiiacha namba yenyewe, unapata 8,846,710, yaani zaidi ya namba yenyewe kwa 586,220. Wagiriki wa kale wangeiweka katika fungu la namba zilizozidi. Fungu jingine ni la namba pungufu, na katikati yao zimekaa chache zinazoitwa kamilifu, kama 6 na 28, ambazo vigawo vyake vinajumlika kuwa zenyewe.

Nicomachus wa Gerasa, mji ambao magofu yake yako Jordan ya leo, aliandika juu ya mafungu haya yapata mwaka 100, na hakuishia kuyapanga. Aliyahukumu. Namba zilizozidi alizifananisha na mnyama aliyeota viungo vya ziada, pungufu na mnyama aliyekosa kiungo, na kamilifu akazipa sifa ya uadilifu. Tabia hiyo haijafa. Kila penye namba kubwa hatokosekani mtu wa kuivika kilemba cha ukoka, au wa kuilaani.

Sasa fikirini mtoto mmoja aliyezaliwa Malakal au Torit muda mfupi kabla ya usiku wa sensa, karani akamkosa. Tukimwongeza, namba inakuwa 8,260,491. Ilikuwa shufwa, sasa ni witiri. Inagawanyika kwa 3, lakini haigawanyiki kwa 5, wala kwa 7, wala kwa 9, na jumla ya vigawo vyake sasa haifikii namba yenyewe. Imehama kutoka fungu la zilizozidi kwenda fungu la pungufu. Zile namba tasa tano zimetoweka zote, maana namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo chochote isipokuwa 1. Kwa mtoto mmoja, kila tulichokieleza katika aya ya pili kimebomoka. Lakini nchi haijabadilika. Mahitaji ya chanjo ni yaleyale, idadi ya madarasa ni ileile, na sehemu ya kusini katika Sudan nzima, iliyohesabiwa kuwa na watu 39,154,490, imebaki asilimia 21.1 kama ilivyokuwa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Namba ya sensa ina maisha mawili. Kama namba nzima, kila tarakimu yake ina uzito, na ya mwisho zaidi ya zote, kwa sababu ndiyo inayoamua shufwa na witiri. Kama kipimo cha watu, uzito wote uko kushoto: 8 ya mwanzo inabeba nchi, na 490 ya mwisho haibebi chochote. Hakuna sensa duniani inayoijua nchi hadi mtu mmoja. Tazameni jirani zetu Kenya. Sensa yao ya 2009 ilitoa 38,610,097, namba yenye mkia uliokamilika kabisa, inayoonekana kama imepimwa kwa rula. Lakini Agosti 2010 waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kwamba matokeo ya wilaya nane za kaskazini, kuanzia Mandera hadi Turkana, yamefutwa kwa sababu kasi ya ongezeko la watu haikuingia akilini. Ile 97 ya mwisho haikumwonya mtu yeyote. Kilichoonya ni kulinganisha na sensa zilizotangulia na kiwango cha uzazi, kazi inayofanyika kwa tarakimu mbili tatu za mwanzo.

Mtu makini ataniuliza: kama mkia hausemi kitu, kwa nini tuuchapishe? Si afadhali tungeandika milioni nane na robo tukaenda zetu? Swali zuri, na jibu lake ndilo litakalotufikisha kwenye sifuri za kichwa cha mhadhara. Mkia unachapishwa ili hesabu ya kujumlisha ikaguliwe. Sensa ya 2008 ilitoa idadi ya kila jimbo, na majimbo ya kusini wakati ule yalikuwa kumi. Jonglei lilikuwa kubwa kuliko yote, 1,358,602. Hapa Equatoria ya Kati tulikuwa 1,103,557. Bahr el Ghazal Magharibi likashika mkia kwa 333,431. Chukueni tarakimu tatu za mwisho za kila jimbo: 557, 602, 353 ya Upper Nile, 801 ya Unity, 928 ya Warrap, 898 ya Bahr el Ghazal Kaskazini, 431, 730 ya Lakes, 029 ya Equatoria Magharibi na 161 ya Equatoria Mashariki. Jumla ni 5,490. Kwa hiyo idadi ya kusini lazima iishie na 490, na ndivyo ilivyo. Kama taasisi ingetangaza kitu kingine, mwanafunzi wa darasa la tano angeigundua. Mkia, basi, unawakagua makarani na wajumlishaji, na huo ni msaada mkubwa hata kama hauwahesabu watu.

Fanyeni hesabu ileile kwa kaskazini. Majimbo yalikuwa kumi na tano, na hakuna hata moja lenye idadi ya mviringo. Khartoum 5,274,321. Gezira 3,575,280. Darfur Kusini 4,093,594. Kassala 1,789,806. Jimbo la Kaskazini lenyewe, lile la Dongola, 699,065. Zichukueni tarakimu tatu za mwisho za yote kumi na tano, mkianzia hilo la Dongola: 065, 441 ya Mto Nile, 110 ya Bahari ya Shamu, 806 ya Kassala, 378 ya Gedaref, 321 ya Khartoum, 280 ya Gezira, 588 ya White Nile, 058 ya Sennar, 112 ya Blue Nile, 992 ya Kordofan Kaskazini, 626, 225 na 594 za Darfur tatu, na 404 ya Kordofan Kusini. Jumla yake ni 6,000. Si 5,998 wala 6,013. Na idadi nzima ya kaskazini inatoka 30,894,000. Majimbo kumi na tano yenye mikia ya kila namna, yakikutana, yanafuta mikia yao yote kwa pamoja.

Hii nayo ni tabia ya namba nzima: kuishia na sifuri tatu. Iwekeni kando ya ile tabia ya kuwa na namba tasa tano. Mwanahisabati atawaambia ya pili ni ya heshima na ya kwanza ni ya kitoto, na kwa kipimo chake ana haki. Vigawo vya namba havitegemei namna tunavyoiandika. Tungekuwa tunahesabu kwa saba badala ya kumi, 8,260,490 ingebaki 2 × 5 × 7 × 199 × 593, ingawa maandishi yake yangekuwa mengine. Lakini 30,894,000 ikiandikwa kwa mfumo wa kumi na mbili inabaki na sifuri moja tu mwishoni, na kwa mfumo wa saba haina hata moja. Sifuri tatu zile si mali ya namba. Ni mali ya vidole vyetu kumi. Na kwa sababu hiyohiyo ndizo zenye uwezo wa kutuambia kitu. Watu hawazaliwi kwa maelfu kamili. Anayependa maelfu kamili ni binadamu mwenye kalamu, anayekadiria au anayekata mkia. Tabia iliyo ya kina inakaa kimya kuhusu watu kwa kuwa haijui lolote juu ya mkono ulioandika, na hii ya juujuu inasema kwa kuwa imetokana na mkono huo.

Pingamizi kubwa linakuja hapa, nami nalipa nafasi yake kamili. Namba yoyote ukiikodolea macho kwa muda utaikuta na jambo la ajabu. Bunge la Sudan lililopangwa kwa uchaguzi wa 2010 lilikuwa na viti 450. Gawanya 39,154,490 kwa 450, unapata 87,010 kwa kila kiti, pungufu ya watu kumi tu. Mwenye shaka angeweza kujenga hadithi nzima juu ya watu hao kumi, kwamba sensa ilitengenezwa itoshe viti. Lakini namba kuwa ndani ya hatua kumi za kigawe cha 450 hutokea karibu mara moja katika kila ishirini na moja, na mimi niliipata kwa sababu niliitafuta. Kuwa na namba tasa zisizojirudia ni jambo la kawaida zaidi: namba 61 hivi katika kila 100 ziko hivyo. Zilizozidi ni karibu robo ya namba zote. Hardy na Ramanujan walionyesha mwaka 1917 ni namba tasa ngapi tofauti huwa ndani ya namba ya ukubwa fulani, na kwa ukubwa wa yetu ni kama tatu. Tano ni nyingi kidogo, basi.

Pingamizi hili lina historia katika bonde letu wenyewe. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua mfupa pale Ishango, upande wa Congo, ambapo mto Semliki unatoka Ziwa Edward. Maji hayo hupita Ziwa Albert na hatimaye hupita hapa Juba. Mfupa una chale zilizopangwa kwa safu tatu, na makadirio yanayotajwa sana huupa umri wa miaka kama 20,000. Safu mojawapo ina chale 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wako waliosema wavuvi wa Ishango walizijua namba tasa. Wengine, wakifuata uchunguzi wa Alexander Marshack, wakaona hesabu ya siku za mwezi. Mimi niko upande wa wanaosita. Namba tasa hazina maana bila ujuzi wa kugawanya, na chale nne haziwezi kuthibitisha ujuzi huo. Anayeziona tasa amekuja na neno hilo mfukoni.

Je, sifuri tatu za kaskazini haziingii kwenye kapu hilohilo? Haziingii, kwa sababu moja: kukagua mikia ya mviringo ni kipimo kilichokuwepo kabla ya sensa ya 2008. Wakaguzi wa hesabu hukitumia, na wanatakwimu wa idadi ya watu vilevile. Hatukukitunga baada ya kuiona namba. Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Nafasi moja katika elfu ni nafasi ya kuziona sifuri tatu ikiwa hesabu ilikuwa ya kawaida. Haiwi nafasi ya hesabu kuwa ya kawaida tukishaziona. Wengi huvichanganya viwili hivi, mahakamani hata magazetini. Nchi za dunia ni karibu mia mbili, na kila moja ikiwa imefanya sensa tano, tuna namba elfu moja, na mojawapo itegemewe kuishia na 000 bila mtu kuigusa.

Pia liko elezo lisilo na hila wala bahati. Kila sensa hukosa watu, na ofisi za takwimu hufanya marekebisho. Mtu akikadiria jumla kwanza, halafu akaigawa kwa majimbo kwa uwiano, majimbo yatapata mikia ya kila aina na jumla itabaki na sifuri zake. Sisemi ndivyo ilivyofanyika. Nasema umbo hili la namba, mikia chini na mviringo juu, linafanana na kazi ya namna hiyo kuliko linavyofanana na kuhesabu nyumba kwa nyumba, na wa kuamua ni mafaili ghafi, siyo hisabati. Kituo cha Takwimu cha Sudan Kusini, hapa Juba, kililalamika wakati ule kwamba Khartoum haikukipa data ghafi. Kati ya malalamiko yote ya mwaka 2009, naona hilo ndilo lilikuwa zito kuliko yote, ingawa ndilo lililosikika kidogo.

Lililosikika sana lilikuwa la ukubwa, na huko tarakimu za mwisho hazina kazi. Mkataba wa Amani wa Januari 2005 uliipa kusini asilimia 34 ya viti vya bunge la mpito: 28 za chama cha SPLM na 6 za vyama vingine vya kusini. Sensa ikaleta 21.1. Ili kusini iwe theluthi ya nchi, na kaskazini ibaki na idadi yake, kusini ingehitaji watu 15,447,000, yaani nyongeza ya zaidi ya milioni saba juu ya waliohesabiwa. Kukata mkia kwa elfu iliyo karibu hakuisogezi namba zaidi ya watu 500. Aliyetaka kuipinga sensa kwa sifuri tatu angekuwa anapigania mia tano katika ugomvi wa mamilioni. Hoja za maana zilikuwa wakimbizi waliokuwa bado njiani, na wakusini waliokuwa wakiishi kaskazini, ambao sensa iliwataja kuwa nusu milioni hivi. Mwishowe, Februari 2010, vyama viwili vikuu vilikubaliana kuiongezea kusini viti 40, ipate zaidi ya robo ya bunge na uwezo wa kuzuia mabadiliko ya katiba. Namba ya sensa haikuguswa hata kwa mtu mmoja. Walibishana juu ya watu, wakaafikiana juu ya viti.

Iko namba ambayo mtu mmoja ana uzito kamili ndani yake, nayo ni ya kura. Katika kura ya maoni ya Januari 2011 kura halali zilikuwa 3,837,406. Sheria ilidai nusu na moja zaidi, na kwa kuwa jumla hiyo ni shufwa, nusu yake ni namba nzima na kizingiti kikawa 1,918,704. Hapo shufwa na witiri ni suala la kisheria. Lakini hata hapo, tabia hiyo huamka tu matokeo yanapokaribia kizingiti. Waliotaka kujitenga walikuwa 3,792,518 na waliotaka umoja 44,888. Hakuna aliyehitaji kuuliza kama jumla ni shufwa.

Tangu uhuru hatujafanya sensa. Makadirio ya mwaka 2021, yaliyotolewa Aprili 2023, yaliweka idadi yetu kwenye milioni 12.4. Nayo yamebishaniwa, ila angalau husemwa kwa tarakimu tatu, na ndivyo makadirio yanavyopaswa kusemwa. Uchaguzi uliotarajiwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026, na suala la sensa limekuwamo katika mjadala wake. Sensa ikija, kipimo cha kwanza ambacho ningeomba kifanyike kinatumia kugawanyika kwa 5. Wanatakwimu wanakiita kipimo cha Whipple: wachukue watu wote wa miaka 23 hadi 62, wahesabu waliotaja umri unaoishia na 0 au 5, wazidishe kwa 5, wagawanye kwa jumla yao, kisha wazidishe kwa 100. Pasipo na upendeleo jibu ni 100. Kama kila mtu ametaja umri wa mviringo ni 500. Katika nchi ambayo watu wengi wameandikiwa Januari mosi kuwa siku ya kuzaliwa, na mwaka wao umekadiriwa na karani wa kambi, hatutegemei 100. Tutakachotaka kujua ni kama 30, 35 na 40 zimevimba kwa kiwango kilekile Jonglei, Yei na hapa mjini, au kama liko jimbo ambalo umri wa watu wake ni laini mno, kana kwamba haukuulizwa bali umejazwa mezani. Kipimo hicho hakifanyiki kwa jumla ya nchi wala ya jimbo. Kinahitaji umri wa mwaka mmojammoja uchapishwe kwa kila kaunti, pamoja na maelezo ya marekebisho yaliyofanywa na aliyeyafanya.